Kitako cha Gorogoro

Mwalimu Eshikumo, aliyefundisha biashara
hadi koo lake likawa chaki,
aliniambia nitulie tu:
soko, alisema, lina macho.
Mwizi hudumu msimu mmoja,
kisha wateja humhama mmoja mmoja
kama kuku wanaotoka jikoni moshi ukizidi.

Nikatulia. Hapa Luanda, ng'ambo ya reli,
gunia langu la nyayo limekunjwa mdomo,
gorogoro langu limenyooka kitako
kama siku lilipomalizwa mafuta ya kupikia.

Ayuma akaja, akaketi hatua sita kutoka kwangu.
Maharagwe yaleyale, lori lilelile la Chwele,
shilingi kumi chini.
Kopo lake ukilitazama juu, limefura kilima.
Chini nyundo imepita,
kitako kimeingia ndani kama tumbo la mwenye njaa,
konzi mbili hazimo,
na nani hupindua kopo la mwenzake sokoni?

Kizuri chajiuza, tuliambiwa.
Changu hakikujiuza. Kililala guniani
kikafuga fukusi.

Okwemba wa kona akashusha kumi na tano.
Ayuma akashusha ishirini.
Wanunuzi wakapiga vigelegele.
Bei ilishuka, kitako kikapanda.
Bei ikashuka tena.
Kitako, nacho, kikapanda.

Mkaguzi wa vipimo alifika Julai.
Habari zake zilimtangulia kwa simu tangu Maseno;
alikuta makopo manyoofu safu nzima, yanang'aa.
Akanywa chai, akatusifu sote,
mimi na wao, kwa sentensi moja.

Mama Andeso pekee, mpishi wa chekechea,
hakunihama. Huja Jumanne na bakuli lake la bluu
lililobanduka ukingo,
akapima upya mbele yangu, bila haya.
"Si kwamba nakuamini," alisema.
"Bakuli hili lina watoto arobaini."
Soko zima, mimi macho niliyoyaona
ni hayo mawili.

Ijumaa nililificha gorogoro chini ya leso
hadi kwa Opati, fundi wa mabati, nyuma ya stesheni.
Sikusema kitu. Hakuuliza kitu.
Alilipindua, akaligonga kwa ukucha
kama daktari anayesikiliza kifua.
"Wewe ndiwe wa mwisho, Kageha," akacheka.
"Nilidhani una fundi wako."

Nyundo ikiwa hewani
nikaliona lile bakuli.
Nikamwambia, ngoja.

Bado anangoja. Kopo langu liko kwake, zima,
na leo nimeuza kutwa nzima
kwa kopo la kuazima.
Ayuma alinipa kwa roho safi, hata hakutaka kodi.
Gunia limefika nusu. Sijawahi.

Kesho ni Jumanne.