Rafu Isiyo na Miguu

Nyamizi wa Isevya kaniambia: usininyooshee.
Nimezoea kunyoosha. Randa yangu haijui kazi nyingine.
Lakini ubao ni wake, mninga wa kutoka Sikonge,
uliolala darini kwangu misimu miwili ukipoteza maji,
ukingo mmoja bado umevaa gome.

Nimelibandua kwa patasi butu, polepole,
kama baba alivyobandua la myombo kwa ajili ya mzinga,
ulimi nje, hazungumzi na mtu.
Chini yake: bonde dogo, nundu,
kovu la tawi lililovunjika kabla sijazaliwa.
Msasa ukapita hapo bila kuuliza neno.
Kisha nta, kwa kipande cha shuka kuukuu,
na wekundu ukaamka.

Ukuta ndio ulionitesa.
Matofali ya kuchoma, mengine yameiva, mengine unga mtupu;
tundu la kwanza likafumuka hadi kidole gumba kikazama chote.
Nikachanganya saruji.
Siku mbili nangoja ishike, sijalipwa.
Nondo mbili zikatokeza ukutani kama pembe za mbuzi.
Nikausukuma ubao. Ukaingia, ukagoma,
nikaupiga ngumi,
ukaingia.

Jirani, Bibi Kalunde, akainama kuchungulia.
“Miguu yake iko wapi?”
Imeikunja, nikamjibu.

Nyamizi hakucheka. Akaweka kikombe kimoja,
akarudi nyuma hatua tatu,
akasubiri.
Pimamaji ilishasema sawa.
Mimi nilikuwa nimebana pumzi.