Mara ya Kumi na Tisa

Friji huzimwa kwanza,
maana inanguruma, na haijui ufunguo wa wimbo.
Kisha saa ya ukutani inavishwa taulo.
Kisha mimi.
"Tariel, ukikohoa nakuzika," asema Nestan,
nami nakaa juu ya ndoo ya kabichi ya siki,
soksi mbili kila mguu,
mshitakiwa ndani ya jiko langu mwenyewe.

Simu imeegemezwa kwenye chupa ya sosi ya plamu.
Inaona mikono tu, shingo ya gitaa,
na kipande cha pazia alichokipiga pasi alfajiri.
Uso hapana. Uso, asema, wanauona kazini.
Kazini anachonga meno ya bandia;
vidole vinanuka plasta hata Jumapili.

Mara ya tatu, mbwa wa Mzia.
Mara ya saba, lori la mitungi ya gesi.
Mara ya kumi na moja hakukosea hata chembe.
Tulitazamana kama wezi waliokuta mlango wazi,
kumbe simu ilishakoma zamani.
Imejaa. Futa kitu, inasema.

Tukapekua: risiti za umeme, paka wa ghorofa ya chini,
theluji ya Kutaisi ya mwaka juzi,
na dakika tatu za baba yake, Ambrosi,
akipogoa mizabibu,
kidole gumba changu kimefunika nusu ya shamba.
Anapiga mluzi.
Wimbo huuhuu.
Na anaukosea: pale unapopanda, yeye anashuka,
taratibu, kama mtu aliyekumbuka kofia yake nyumbani.

Nestan hakulia. Alirudisha nyuma, akasikiliza,
akarudisha tena.
"Hiyo ni nota gani?"
Akaitafuta kwenye waya wa tatu, akaipita,
akairudia, akaikanyaga hapo.

Tukafuta risiti.
Tukafuta theluji, na paka pia, Mungu atusamehe.

Mara ya kumi na tisa alishuka.
Siagi ilikuwa imeanza kutoka jasho mezani,
mbwa akabweka mara moja,
na mimi, baada ya saa nzima ya kujibana,
nikakohoa.
Hakunitazama. Hakuacha kupiga.

Usiku, ilipokwisha kuonwa na watu thelathini na wanne,
mpwa wake alipiga simu kutoka Batumi:
"Shangazi, hapo katikati umekosea."
"Najua," alisema,
akainuka, akaiwasha friji.