Sauti ya Pili

Ziwa limeganda tangu Desemba.
Watu wanapitisha malori juu yake
kana kwamba chini hakuna maji.
Nami niko jikoni, soksi mbili kila mguu,
gitaa la nyuzi kumi na mbili pajani:
zimebaki kumi na moja.
Mmoja ulikatika Ijumaa ile uliyopanda treni, Alden,
sijaweka mwingine. Si uvivu.
Haya, ni uvivu. Tusianze.

Wiki tatu, ulisema. Toronto,
studio yenye mazulia ukutani,
na yule bwana wa viatu vyeupe
aliyetoka huko kuja kutusikiliza
akasema, "Sauti yako itauzika."
Yako. Hakusema zenu.
Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimemshikia kahawa.
Nikakutazama umsahihishe.
Ukafunga kasha la gitaa, kibanio kimoja, kibanio cha pili,
polepole, kama mtu anayehesabu chenji
huku akijua imezidi.

Nimetunga wimbo.
Una theluji, una reli, una ghala la ngano
lisilo na dirisha hata moja.
Jina lako halimo, ingawa ulimi
haukosi kurudi palipong'oka jino.
Jumamosi niliuimba ukumbini kwa Wafini,
meza zikinukia siagi na chapati za maji.
Walipiga makofi. Kisha mama Aune,
anayenijua tangu nikivaa kaptura,
akafuta mikono kwenye aproni, akaniuliza:
"Reijo, wimbo mtamu. Ila nani anauimba?"

Ndipo nikajisikia.
Miaka tisa nimeimba chini yako,
mimi ukuta, wewe picha;
hata nikikaa kutunga peke yangu
natunga ukuta.
Msumari upo.

Jana usiku redio ikakuleta.
Wimbo wetu wa zamani, ule wa dada yako,
na chini yako mtu mwingine, stadi,
anaingia pale pale panapotakiwa.
Mimi sikuwahi kuingia pale.
Siku zote nilichelewa, nusu pumzi,
nawe ukanigombeza garini maili mia tatu
kutoka Kenora hadi nyumbani.

Lakini ubeti wa mwisho, kabla ya neno "mlango",
ulisita.
Yule stadi alikwisha kuingia,
akabaki kaning'inia peke yake,
nusu pumzi,
huku wewe unasubiri.

Nikazima redio. Nikawasha tena.
Walikuwa wanasoma bei ya ngano.

Leo nimevaa buti hadi dukani kwa Pelkonen kununua uzi.
Mlangoni kabandika karatasi: Nimekwenda kula.
Nimesimama. Baridi inauma hadi kwenye fizi.
Mdomo nimeufunga, najaribu sauti ya kwanza,
naanzia pale unapopaswa kuwa wewe,
napotea,
naanza upya.