Hodi Isiyoingia

Newala umeme umekatika toka saa mbili.
Naandaa somo la kesho kwa tochi ya simu,
nyuma ya stakabadhi ya korosho; karatasi zimeisha.
Chora duara. Liite seli.
Ukuta wake ni mafuta, tabaka mbili,
vichwa vimeelekea maji, mikia imefichana katikati.

Chumba cha pili Somoe anambembeleza mtoto wa siku tatu.
Maziwa hayajashuka.
Mkwe wangu, Bi Nantende, ameshakoroga uji mara nne,
wa mtama, wa karanga, wa mtama tena,
na kila akipita na sufuria ananitazama,
mwalimu mzima wa baiolojia,
kama fundi aliyeshindwa kufungua bomba.

Ijumaa, Chilumba wa kidato cha sita aliuliza:
"Mwalimu, umesema homoni hii haiingii ndani.
Sasa habari inaingiaje?"
Darasa likacheka. Mimi nikapapasa mfukoni,
nikatoa korosho yenye ganda lake.
Nikawaambia: ganda hili lina kuta mbili,
na katikati ya kuta, mafuta.
Mbanguaji anagonga nje. Kiini hakijaguswa.
Kinachoruka kwanza ni yale mafuta.
Kaangalieni vidole vya mama zenu.
Hakuna aliyecheka tena.

Saa tisa usiku mtoto analia, ananyonya
palipo pakavu, ananyonya tu.
Nami nalala macho wazi, najua linalopaswa kutokea:
chini ya ubongo, katika kikalio cha mfupa,
inaning'inia tezi ndogo kama punje ya mbaazi.
Dopamini, iliyokuwa ikibana mlango siku zote,
inalegeza mkono.
Mjumbe anashuka kutoka juu, safari fupi, ndani ya damu,
anafika kizingitini. Hodi.
Hapiti. Hakaribishwi ndani.
Kipokezi kinajipinda kidogo tu,
na upande wa pili kimeng'enya kinaamka,
kinakamata fosfolipidi moja ya ukutani,
kinaipasua, ta!

Kipande kimoja kinapenda maji.
Kinatumbukia, kinakimbilia ghala la kalsiamu,
kinafungua.
Kipande cha pili ni mafuta matupu, hakijui kuogelea,
kinabaki pale pale ukutani
kikiwaita wengine kazini.
Kalsiamu inafurika. Vifuko vya prolaktini
vinasogea ukingoni, vinamwaga nje, na damu inachukua.

Au haitokei. Kujua si kushusha maziwa.
Tezi haisomi daftari langu.

Alfajiri, ukungu umejaa hadi dirishani.
Somoe ananiita kwa sauti ya chini,
kanga imelowa kifuani, mtoto ameziba pumzi kwa pupa,
anakohoa, anarudi tena.
Bi Nantende amesimama mlangoni,
vidole vyake vyeusi vya ubanguaji
vimeshika mwiko.
"Uji wangu huo," anasema.
"Ndiyo, mama. Uji."

Halafu nikakumbuka jambo ambalo sikuliandika:
vile vipande viwili haviachwi vipotee.
Vinabadilishwa, vinaokotwa, vinaungwa upya,
vinarudishwa ukutani kungoja hodi nyingine.
Nikageuza stakabadhi nitafute nafasi.
Kilo mia mbili na kumi na mbili, daraja la kwanza,
muhuri wa chama, saini ya karani.
Nafasi haikuwepo.
Nitawaambia kwa mdomo.