Kisanduku cha Nne

Barua ilifika Jumanne, saa mbili na robo asubuhi,
bila nembo, bila anwani ya kurudishia.
Mwendesha pikipiki hakuvua hata kofia yake ngumu.
"Imetoka kwa Tisa," alisema,
nikatia sahihi.

Miaka thelathini na mmoja niko masjala,
ghorofa ya chini, Jeneva, upande usioona ziwa.
Kuna serikali huandika kwenye karatasi nene kama kitambaa,
kuna nyingine wino wao hutokeza upande wa pili.
Zote nazigonga muhuri ule ule.
Hiyo ndiyo dini yangu, mtu akiniuliza.

Fomu ina visanduku vitatu:
Mwanachama. Chombo cha Shirika. Shirika jingine.
Sasa hawa Tisa niwatie wapi?
Hawana mkataba, hawana katibu,
hawana ufunguo kwa kuwa hawana mlango.
Hukutana hotelini, ng'ambo ya ziwa,
huita maongezi tu,
na wakiinuka mezani
mito imeshagawanywa.

Juu yangu Baraza lina viti mia na arobaini na viwili,
kila kimoja na kibao chake, kwa alfabeti,
dola kubwa bega kwa bega na kisiwa.
Niliwahi kuona kikao kizima kikikesha
kwa ajili ya neno "inapofaa".
Si jambo la kujivunia.
Lakini kila aliyekesha alijulikana kwa jina,
na miayo yake imo kwenye kumbukumbu.

Saa tano akashuka Balozi Semese Tapugao
wa visiwa ambavyo, kwenye ramani yetu ya ukutani,
vimefunikwa na pini inayoishikilia ramani.
"Bi Perrochon, rasimu ya Ijumaa imefika?"
Nikampa barua. Akaisoma wima.
Aya kumi na nne, zimeshonwa
hata kucha haipenyi.
"Wameshakula," alisema. "Wametuletea vyombo tuoshe."
Hakupaza sauti. Akaomba nakala,
akalipa santimu ishirini za mashine,
akangoja risiti.

Mchana nikateremka tena, ghala la pili,
kutafuta kama jambo hili liliwahi kutokea.
Sanduku namba moja. Kamba imekauka kama mshipa.
Ndani yake, kabla ya katiba, kabla ya muhuri,
orodha ya vyakula ya mkahawa mmoja wa Carouge:
samaki wa ziwani, viazi, divai ya nyumba.
Nyuma, kwa penseli, majina sita,
na doa la mchuzi lililomficha wa saba.
*Tumeelewana. Tukutane tena.*

Nilikaa sakafuni na koti langu zuri.
Kumbe bendera zote hizi, lifti, pensheni yangu,
zilizaliwa na watu waliojifungia wasikizane!
Halafu, siku fulani, mtu akaufungua mlango.
Nani, jalada halisemi.
Labda mhudumu, aliyefuata sahani.

Jioni upepo wa kaskazini ulitikisa vioo vya kantini.
Karibu na kipasha joto, Semese na wenzake watano,
supu zimepoa, wanaandika juu ya leso ya karatasi.
"Nanyi mnaitwaje?" nikauliza.
"Bado." Akasogeza kiti. "Tunahitaji mtu ajuaye tahajia."
Nikasahihisha maneno mawili.
La tatu nililiacha, lilikuwa zuri lilivyokosewa.

Nikarudi mezani kwangu, nikachukua rula,
nikachora kisanduku cha nne.
Jina sikukipa.
Barua ya Tisa: namba 611.
Leso, wino umechuruzika pembeni: namba 612.
Muhuri ule ule.
Kwenye leso ilinibidi nigonge taratibu,
isije ikachanika.