Pembe ya Maji

Swali la nne nimelikosa.
Nilichora maji mstari mnyoofu,
haidrojeni, oksijeni, haidrojeni,
kama mikate mitatu juu ya ubao,
na Mwalimu Urve akaandika kando, kwa wino wa kijani:
Nani anasukuma, Leelo?

Saa tisa za usiku nakanda mkate mweusi.
Jioni niko shule ya watu wazima, hapa Viljandi,
nyuma ya Raivo, kijana wa gereji,
asiyekosa swali wala asiyejua kuficha.

Karatasi ndiyo iliyonihadaa.
Karatasi ni bapa; kila ikipokeacho hukilaza chali.
Methani niliijua msalaba,
hadi Urve alipofunga maputo manne kwa uzi mmoja.
Yakabanana, yakasukumana, yakapatana:
matatu chini, moja juu,
mafiga na chungu chake.

Basi usiku nikatwaa kiazi na njiti nne.
Njiti mbili nikazivika njegere.
Mbili nikaziacha tupu,
maana hapo, kitabu chasema, zimekaa elektroni
jozi kwa jozi, zisizoshikana na yeyote.
Hazichorwi. Ila nafasi zinataka,
tena kubwa kuliko wenye kushikana,
na njegere huinama, hukaribiana,
digrii mia na nne na nusu.

Nikakiweka kiazi mezani.
Meza yetu ina viti vinne.
Tarmo yuko Turku, mwaka wa tatu, anachomelea meli.
Kaarel alimfuata babake siku alipotoka jeshini.
Viti vyao hatuvikalii,
hata gazeti hatuviwekei.
Mimi na mama mkwe
tumesogea upande mmoja,
viwiko vyagusana juu ya supu,
na miaka yote hii nilidhani
ni kwa sababu ya joto la jiko.

Nje ziwa limeganda. Barafu inaelea,
na samaki chini yake wanaishi;
Urve anasema ni kazi ya pembe hiyo hiyo.
Nimefuta mstari wangu. Nimeukunja.

Hilja akanitazama, akatazama kiazi,
akachomoa njegere moja, akaila.
"Na sasa," akauliza, "imekuwa nini?"

Sikujua.
Kesho nitamuuliza Raivo,
na atafurahi mno.