Herufi ya Themanini na Moja

Shauri la mirathi namba arobaini na tatu,
Mahakama ya Mwanzo, Dodoma mjini.
Mimi ndiye niliyelipiga chapa.

Marehemu Chilewa Mbogoni, fundi simu wa Majengo,
aliacha mke, kaka, deni la pango la miezi miwili,
baiskeli isiyo na mnyororo,
na daftari la kaunta lenye mstari mmoja mrefu,
tarakimu na herufi, jumla mia moja na thelathini,
kwa kalamu ya bluu iliyokuwa ikiishiwa wino.

"Hii ni nini?" akauliza hakimu.
"Ufunguo wa umma," akajibu Ntandu,
aliyekuja na basi la usiku kutoka Singida kudai nusu.
"Basi fungua, tuone."
"Haufungui, mheshimiwa. Huu ni wa kuonyesha watu.
Unaofungua ni mwingine, wa siri.
Huo alikuwa nao yeye."

Vidole vikanisimama juu ya mashine.
Ufunguo umezaliwa na kufungua.
Kitu kinachofunga tu, tena hadharani,
kwetu Hombolo tungekiita kufuli
na tusingemsumbua hakimu.

Sarafu hamsini. Zimelala tangu mwaka ule
Chilewa alipoacha kompyuta ya duka ikinguruma usiku kucha
na mwenye nyumba akaja juu kwa sababu ya luku.
Ntandu akatoa simu, tukazisogelea:
hizo hapo, hazijatikisika,
ng'ombe waliolala zizini
nasi tunahesabu pembe juu ya ua wa miiba.
Dunia nzima inaweza kuzihesabu.
Wa kuziswaga hayupo.

Mbula akasema: alikuwa mume wangu.
Ndahani akasema: mtaji ni mbuzi wangu wanne,
niliwauza mnada wa Msalato, mashahidi ninao.
Ntandu: kompyuta ilikuwa yangu.
Mwenye nyumba, ambaye hakuitwa, akasimama nyuma kabisa:
umeme.

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.
Alikuwa ameelezwa, naye huelewa upesi.
"Mwenye siri atie saini kwa siri hiyo.
Saini ikikubaliana na mstari huu
tutamaliza kabla ya saa sita."
Ndahani akachomoa kalamu mfukoni.
Ntandu akamshika mkono, taratibu,
kama unavyomzuia mtoto asiguse pasi.

Hakuna aliyetia saini.
Upepo wa Julai ukaingiza vumbi chini ya mlango
likatulia juu ya majalada.

Hukumu ilitoka baada ya wiki tatu:
mali iliyotajwa hapo juu, yote, ni ya mjane.
Mbula akaja kuchukua nakala.
Hakuondoka. Alifungua daftari, akaweka kidole huku,
kidole kule, akaenda navyo pole pole
kama anayechambua mchele wenye mawe.
Vikasimama.
"Hapa umeandika be.
Yeye aliandika sita."

Nikahesabu. Ya themanini na moja.
Nikahesabu tena, jasho likinitoka kwenye baridi ile.
Mahakama ilikuwa imempa kufuli
lisilo na mlango popote.
Nikasema nitarudisha jalada kwa hakimu,
tutawaita wote upya, samahani mama, samahani sana.

"Na Ndahani aje tena? Na yule wa umeme?"
Akafunga daftari.
"Kulikuwa na karatasi nyingine, ndogo, ndani ya kasha la betri.
Niliwashia mkaa siku ya tatu ya matanga.
Wageni walikuwa wengi, chai ilichelewa."
Akanitazama kama mimi ndiye mfiwa.
"Gonga muhuri."

Nikagonga.

Hukumu iko kabatini, inamiliki kitu kisichokuwepo.
Kilichopo hakina hukumu.
Ndahani bado hupita akitoka mnadani,
viatu vimejaa samadi, anaegemea dirisha:
"Karani, hazijaamka?"
Namwambia apige simu Singida.